Robo Saa ya Masomo Uramani

Safari ya kwenda Uramani siielezi. Tulipanda, tukakaa, tukashuka, magoti yakavimba. Anayetaka zaidi ya hapo aende mwenyewe. Nitakayoyaeleza ni yale niliyoyaona kwa macho haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini nalo lilitazama.

Nilikwenda kwa ajili ya mjukuu wangu, Namkunda. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi hapa Usangi, katika nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu. Tangu mdogo huyu alikuwa mtu wa kuchora nyumba. Wenzake walichora maua na kuku, yeye nyumba. Alipokuwa na miaka saba, mvua za masika zilitufuata mpaka ndani kupitia kona ya jikoni, tukashinda tunachota maji kwa sufuria. Kesho yake akachukua kipande cha mkaa, akachora ukutani maji yanatoka wapi na yangependa kwenda wapi. Alisema hivyo hivyo: yangependa. Nikachimba mfereji pale alipochora, na jikoni hapajalowa tena. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma kwa kuchungulia daftari la jirani, lakini nilijua kwamba nimeona kitu.

Alipomaliza kidato cha sita akapata barua kutoka Uramani, nchi ambayo watoto wa mataifa yote huenda kusomea usanifu majengo. Barua ilisema aje akae siku saba, aitazame nchi, kisha iamuliwe kama atasoma au hatasoma. Tena aje na mtu mzima wa kwao. Mtu mzima aliyekuwa karibu nilikuwa mimi.

Waramani ni watu wapole, wasafi, wakweli kupita kiasi. Hawajui utani. Ukimwambia Mramani kwamba njaa inakuua, anakuitia daktari. Siku ya kwanza nilipomwambia mwenyeji wetu kwamba magoti yangu nimeyasahau njiani, alituma watu wawili warudi kuyatafuta.

Katika nchi hiyo ramani ndiyo inayoheshimiwa, si nyumba. Mtu akikualika kwake anakuketisha uani mbele ya karatasi kubwa iliyotundikwa, anakuonyesha kwa kidole sebule yake, ngazi zake, chumba cha wageni, nawe unasema, "Hongera, pazuri." Nyumba yenyewe iko nyuma yako. Anaona haya kukuingiza, kwa kuwa nyumba ina makosa na ramani haina. Mwenyeji wetu alinikuta nachungulia mlangoni, akaniomba radhi. "Hiyo isikusumbue, Mama," akasema. "Hiyo ni nakala tu."

Siku ya pili tulipelekwa kuona wageni wanavyofanya kazi. Nilidhani nimeingia hospitalini. Ukumbi mrefu, meza mia moja, na kila meza watu wawili: mgeni ameshika penseli, na Mramani amemshika mgeni kifundo cha mkono. Sheria yao inasema mkono wa mgeni hauruhusiwi kuchora mstari peke yake. Lazima ushikwe na mwenyeji, anayeitwa Mshika Mkono, na ramani ikimalizika huandikwa jina la aliyeshika. Huyo si lazima ajue kuchora. Anatakiwa awe amezaliwa pale, basi.

Niliwaona wengine wanasinzia, mkono unalemea, na mstari wa ukuta unashuka taratibu mpaka chini ya ukurasa. Wajenzi wa Uramani hujenga kama ilivyochorwa, wala hawaulizi. Ndiyo maana mjini kule kuna roshani nyingi zinazoning'inia bila sababu, na kila mtaa una ukuta uliojikunja ghafla katikati. Wenyewe huuita mkunjo wa chafya, maana Mshika Mkono alipiga chafya wakati ule. Wanauhifadhi. Watalii huupiga picha.

Kwenye meza mojawapo alikuwa binti wa Kikongo, Kabibi, mwenyeji wa Uvira. Alikuja akiwa binti, sasa si binti tena. Ana mvi mbili tatu. Aliposikia Kiswahili chetu akasimamisha penseli, na Mshika Mkono wake, Bwana Rula, mtu mnene mwenye mafua ya kudumu, akafurahi kupumzika.

"Koko, karibu," akaniambia, maana ndivyo wanavyomwita bibi huko kwao. "Na huyu ndiye anayetaka kuja?"

"Ndiye. Wewe una muda gani hapa?"

"Huu mwaka wa kumi na mbili. Saba nilisoma, mitatu nikafanya mazoezi, halafu wakanipa siku tisini nitafute mkono wa kunishika. Majina yetu yanatiwa kwenye pipa, wanachota. Mimi nilichotwa siku ya themanini na tisa."

"Na wasiochotwa?"

"Wanarudi kwao. Huko nako tabu, Koko. Futi ya Uramani imepungua kidole kizima kuliko futi ya kwetu, na hakuna anayekuambia. Wenzangu wamerudi, wamejenga, sasa watu wanagonga vichwa milangoni na kuwatukana wazazi wao."

Namkunda akamuuliza, "Dada, ungeambiwa urudi mwanzo, ungekuja tena?"

Kabibi akamtazama Bwana Rula, ambaye alikuwa anafuta pua. "Njooni kesho sokoni," akasema. "Mtaona, halafu utaniuliza tena."

Kabla ya soko, mchana wa siku ile ile, ilibidi tupitie Baraza la Nyundo. Huko ndiko wanafunzi hupeleka vijumba walivyovitengeneza kwa karatasi ngumu, kila kimoja kimekula miezi. Walimu watano hukaa kwa mstari, kila mmoja na nyundo ndogo ya fedha. Mwanafunzi anaeleza kijumba chake, wao wanakivunja, kisha yeye anatakiwa kushukuru na kutaja alichojifunza. Mkubwa wao aliitwa Bwana Pembe. Niliambiwa amevunja vijumba elfu nne na hajawahi kujenga hata banda. Mwenyewe analala hotelini.

Alivunja cha kijana mmoja mpole, kijumba kizuri chenye ua katikati. Kijana akainama: "Nashukuru. Nimejifunza kwamba ua wangu ulikuwa na majivuno."

Nikanyoosha mkono. Namkunda akanivuta kitenge, lakini nilikuwa nimeshasimama. "Samahani, waheshimiwa. Mvua ikinyesha kwenye ule ua, maji yangekwenda wapi?"

Walimu wakanong'onezana kwa muda mrefu. Mmoja alisema swali hilo halijaulizwa katika Baraza tangu enzi za babu yake. Mwingine akasema maji yana idara yake ng'ambo ya mto. Mwishowe Bwana Pembe akatoa uamuzi kwamba katika ramani hakuna mvua, na kwa hiyo bibi kutoka Usangi amekosea nchi. Nikashukuru, nikataja nilichojifunza: kwamba nimekosea nchi. Wakaandika.

Tulipotoka, Namkunda alikuwa anatikisika kwa kicheko mpaka akaegemea ukuta. "Bibi, utanifukuzisha kabla sijaingia!"

"Wewe unataka kweli kuingia humo?"

Akaacha kucheka. "Sijui, Bibi. Saa nyingine nataka, saa nyingine natamani wanikatae ili nisiamue."

Kesho yake tukaenda sokoni. Mvua ilianza tukiwa njiani, tukaingia tumelowa. Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa sitanii. Soko lile alilichora Kabibi wakati Bwana Rula ana homa. Kwa majuma matatu mkono wa Bwana Rula ulikuwa umewekwa tu juu ya wake, hauna nguvu hata ya kutetemeka, naye Kabibi akachora peke yake chini ya ule mkono. Paa linapanda na kushuka kama khanga iliyoanikwa. Maji yanakimbilia kwenye mikunjo, yanateremka ndani ya nguzo, yanaingia katika mabirika ambamo akina mama wanaoshea mchicha wao. Mvua ilikuwa ya mawe. Hakuna mwanamke aliyeinua kikapu. Hakuna aliyetandika nailoni. Mmoja alikuwa ananyonyesha, mwingine anabishana na mteja kuhusu vitunguu.

Namkunda alisimama katikati, maji yanamdondoka kwenye kope. "Bibi," akasema polepole, "tazama. Hakuna anayekimbia."

Jina la Bwana Rula limeandikwa mlangoni kwa shaba. Mjukuu wangu hakulitazama. Uso wake niliuona kwa macho yote mawili, na lile bovu ndilo lililouona vizuri zaidi. Nisiseme sikuuona.

Hakumuuliza tena Kabibi swali lile. Kabibi ndiye aliyenivuta kando mimi.

"Koko, wamekuambia habari ya Mngoja?"

Nikasema sijaambiwa. Akanieleza. Waramani wanaamini kwamba anayekwenda mbali hapungukiwi kitu, kwa kuwa kila siku anaona jipya. Anayepungukiwa ni yule anayebaki kumngoja. Kwa hiyo hawamuulizi mwanafunzi kama atasoma. Wanamuuliza mtu wake wa kwao: utaweza kumngoja miaka mingapi? Anachotaja kinaandikwa, na hiyo ndiyo miaka ambayo mwanafunzi atapewa, ya masomo na ya kazi, hazidishiwi hata siku moja.

"Wewe alikungoja nani?"

"Mama. Alisema kumi na mitano." Akakunja kitambaa alichokuwa anakaushia mikono, akakikunjua. "Aliweza minane, Koko. Mwaka wa tisa wakaniandikia barua majirani."

"Na hii iliyobaki?"

"Hii najingoja mwenyewe."

Siku ya saba tukaitwa kwa Bi Mhuri, karani wa ofisi ile. Mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye kitabu kikubwa. Nilikuwa na idadi yangu tayari. Nilikuwa nimeihesabu kitandani, saba na mitatu na kidogo cha juu, nikasema nitataja kumi na miwili kwa sauti kubwa, kama mtu anayenunua shamba, na kama mimi mwenye sabini na minne nitakufa kabla sijatimiza themanini na sita, basi Mungu na Waramani wataelewana wenyewe kwa wenyewe.

"Bibi," akauliza Bi Mhuri, "utaweza kumngoja mjukuu wako miaka mingapi?"

Nikafungua mdomo kusema kumi na miwili. Nikajisikia nasema: "Mwanangu, kwa umri wangu huu, hata chai singoji ipoe."

Namkunda akacheka. Amezoea. Bi Mhuri hakucheka, aliandika. Kisha akagonga kengele, wakaja maofisa watatu na birika.

Nataka kuwaeleza sawasawa, maana ilikuwa kazi ya kitaalamu. Walimimina chai kikombeni, wakaweka saa mezani. Wakabishana kwanza kama iwe ya maziwa au ya rangi. Wakakubaliana ya maziwa, kwa kuwa mwombaji ametoka kwenye ng'ombe. Wakabishana nani aseme imepoa. Wakaamua ni mwenye kauli. Nikawa naonja, wananitazama midomo. Nilijitahidi kusema bado, bado. Ilipofika robo saa ofisa mmoja alitia kidole, akatikisa kichwa, wakafunga hesabu. Bi Mhuri akapiga mhuri na kusoma: "Namkunda wa Usangi amekubaliwa kusoma usanifu majengo katika nchi ya Uramani kwa muda wa robo saa."

Namkunda aliinuka, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama. Samahani sana. Bibi yangu anatania. Huyu anatania hata msibani. Tulipomzika babu aliwaambia wachimba kaburi waache nafasi ya kugeuka, mzee hulala vibaya."

"Anatania maana yake nini?" akauliza Bi Mhuri.

Wakaitwa wenye elimu, naye Bwana Pembe akaja na nyundo yake. Wakakaa kuuchunguza utani.

"Ni uongo?" akauliza Bwana Pembe.

"Si uongo," akasema Namkunda.

"Basi ni kweli."

"Si kweli."

"Kitu kisicho kweli wala uongo," akasema Bwana Pembe, "ni kosa la mwandishi." Wakajadili hilo mpaka karibu na adhuhuri. Ikaonekana kwamba kosa linaweza kufutwa, ila na aliyelitenda tu. Bi Mhuri akanigeukia. Hakuwa na ukali hata kidogo, na ningependa angekuwa nao.

"Bibi, ulitania? Ukisema ndiyo, nafuta, nawe unataja idadi upya. Ukisema hapana, yamekwisha."

Mjukuu wangu alikuwa ananitazama huku ameshaanza kutabasamu, kama mtoto aliyenyoosha mikono akijua tu kwamba atabebwa.

Niliufikiria mkono wa Bwana Rula juu ya kifundo chembamba cha Kabibi. Nikafikiria nyundo za fedha, nikamfikiria yule kijana anashukuru. Nikafikiria pipa, na siku ya themanini na tisa, na jina la mtu mwingine kwa shaba. Sababu zote hizo zilikuwa nzuri, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile na bado ni nzuri. Ila chini yake palikuwa na kitu kingine, nacho hakikuwa sababu. Ilikuwa nyumba yangu saa kumi jioni, na mimi natoa kabatini sahani moja.

"Sikutania," nikasema.

Ndiyo mara yangu ya kwanza maishani kuapa kwamba nasema kweli, na palepale nilikuwa naongopa.

Namkunda hakulia. Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima, kisha likaondoka. Akamgeukia karani.

"Hiyo robo saa inaanza lini?"

Wakampeleka kwenye ule ukumbi, wakampa karatasi na penseli. Bwana Rula akaitwa amshike mkono, kwa kuwa Kabibi mwenyewe ndiye aliyemwachia. Saa ikawekwa. Nikaruhusiwa kusimama nyuma.

Hakupoteza dakika ya kufikiri. Mkono ulikwenda, na wa Bwana Rula ukawa unaburutwa nyuma yake kama mkia. Mara moja Bwana Rula alivuta pumzi ya chafya, naye Namkunda akainua penseli juu, akangoja ipite, akaendelea. Nyumba ikatoka pale kwenye karatasi, ndogo, ya vyumba viwili. Hakuna kizingiti cha kupanda. Ngazi ni fupi na zina pa kushika. Upande wa barabara kuna dirisha pana, limeshushwa chini kuliko madirisha mengine yote ninayoyajua, nami nikawa najiuliza kwa nini alishushe hivyo, mpaka nilipoona kwamba ni kimo cha mtu aliyeketi. Mtu mzee, mwenye magoti mabaya, anayeishi peke yake na anayetaka kuona nani anakuja.

Alikuwa amenichorea mahali pa kungojea. Nyumba ile haiwezi kufikiriwa kwa robo saa. Alikuwa nayo kichwani tangu nyumbani.

Kengele ikalia. Bwana Pembe akaichukua karatasi, akaigeuza huku na huku akitafuta pa kupiga, kisha akairudisha nyundo mfukoni. "Ingebidi tuijadili," akasema, kama mtu aliyechelewa gari. Karatasi ilibaki kule, kwa sababu kila kinachochorwa Uramani ni cha Uramani. Kabibi alitusindikiza. Alimkumbatia Namkunda, mimi akanipa mkono.

Huu ni mwaka wa nne. Namkunda anauza saruji, misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi huko Mwanga mjini, na kila Jumamosi anapanda kuja kwangu. Watu humletea michoro yao juu ya vipande vya boksi, naye anawasahihishia kwa kalamu ya dukani: sogeza choo hiki, inua msingi hapa, maji yatakuja kwa huku. Wanajenga, hawakumbuki kushukuru. Majirani wananiambia, "Bibi, ulifanya la maana. Masomo gani yale ya kumzeesha mtoto?" Nami naitikia. Wana sababu nzuri, ni zile zile zangu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunapukuchua maharage, yeye upande huu wa ungo, mimi upande ule. Hakuinua macho.

"Bibi, siku ile. Ulikuwa unatania?"

Mizaha mitatu ilikuja mbio mpaka kwenye meno, yote mizuri. Mmoja ungemvunja mbavu. Niliimeza yote mitatu. Nikawa natafuta lile neno lingine, la kawaida, lisilo na mkia, ambalo watu wengine huwa nalo tayari. Nikajua kwamba sikuwahi kujifunza kulisema. Maganda yakajaa miguuni. Ungo ukaisha. Midomo yangu ilikuwa wazi, sauti hakuna, naye anaona.

Akavuta gunia lingine karibu, akamimina.

"Usijali, Bibi," akasema. "Mimi naweza kungoja."